Kashata za Oktoba: Somo la saratani ya matiti kwa vyama vya akina mama

Kila mwezi wa Oktoba unapofika utawaona watu wamevaa utepe wa rangi ya waridi kifuani. Mwezi huu ulianza kutengwa kwa ajili ya kuwazindua watu kuhusu saratani ya matiti huko Marekani mwaka wa 1985, nao utepe wa waridi ukaanza kuenea mwaka wa 1992. Hapa kwetu pia huandaliwa matembezi, mihadhara na kambi za uchunguzi wa bure. Lakini Novemba inapoingia, tepe hurudishwa sandukuni na mazungumzo yakakoma hadi mwaka ujao.

Juma hili tunaleta somo ambalo chama cha akina mama, kikundi cha kanisa au cha msikiti, au hata majirani wa ploti moja wanaweza kulifanya kwa alasiri moja, mwezi wowote ule. Linahitaji sinia, sufuria, jiko la makaa au la gesi, na vitafunio visivyohitaji oveni. Tutatayarisha vitafunio vya aina tatu, na wakati vinapoa tutazungumza.

Huenda ukauliza: vitafunio na saratani vinahusiana vipi? Jibu ni kwamba matiti ni jambo ambalo wengi wetu huona haya kulitaja. Mwalike mama kwenye mkutano wa saratani, atakuambia ana nguo za kufua. Mwalike aje mkune nazi pamoja, atakuja na mbuzi yake mkononi. Mikono ikishughulika, mdomo hufunguka, na jambo lililofichwa mwaka mzima hupata njia ya kutoka. Isitoshe, akina mama wa Pwani wametia kashata za nazi rangi ya waridi tangu zamani, kwa hivyo sinia yetu itafanana na utepe bila ya taabu yoyote.

Hata hivyo, tuliweke wazi jambo moja kabla ya kuwasha jiko. Hakuna kashata, tende, asali wala simsim inayotibu saratani ya matiti. Atakayekuuzia kitafunio akidai kwamba kinayeyusha uvimbe anakuhadaa. Kazi ya sinia hii ni kuwakusanya watu. Kazi ya kutibu ni ya hospitali.

SEHEMU YA KWANZA: JIKONI

Vipimo vifuatavyo vinawatosha watu 15. Nawa mikono kwa sabuni, funga nywele, na uhakikishe vyombo ni safi na vikavu.

1. Kashata za nazi za waridi

Viungo:
- Vikombe 3 vya nazi iliyokunwa (nazi 2 za wastani zitatosha)
- Kikombe 1½ cha sukari (kama gramu 300)
- Nusu kikombe cha maji
- Nusu kijiko cha chai cha iliki iliyosagwa
- Chumvi kidogo sana
- Vijiko 2 vikubwa vya maji ya bitiruti

Namna ya kutayarisha:
Kuna bitiruti mbichi moja ndogo, uikamue kwa kitambaa safi na uweke maji yake kando. Paka sinia mafuta kidogo. Chemsha maji na sukari katika sufuria nzito hadi shira iwe nzito. Ukiichota kwa mwiko na kuidondosha, ivutike kama uzi. Tia nazi, iliki na chumvi. Koroga kwa moto mdogo bila kuacha, hadi nazi ikauke na kuanza kuachana na sufuria. Hapo ndipo utie maji ya bitiruti na ukoroge dakika moja au mbili tu, kwa sababu yakipikwa sana rangi huwa ya kahawia. Mimina katika sinia, tandaza kwa mgongo wa kijiko, na ukate vipande 30 kabla hazijapoa kabisa. Shira ya moto huunguza vibaya kuliko maji, kwa hivyo waweke watoto mbali.

2. Vidonge vya tende na njugu (havihitaji moto)

Viungo:
- Gramu 250 za tende laini, zilizotolewa kokwa
- Kikombe 1 cha njugu karanga zilizokaangwa na kumenywa
- Vijiko 2 vikubwa vya simsim
- Robo kijiko cha chai cha iliki
- Nazi kavu iliyokunwa ya kuviringishia

Namna ya kutayarisha:
Twanga njugu kwenye kinu hadi zivunjike, zisiwe unga. Ponda tende kwa mwiko. Zikiwa ngumu, nyunyizia vijiko viwili vya maji ya moto na uziache dakika kumi. Changanya vyote, kanda kwa mkono, kisha ufinyange vidonge vyenye ukubwa wa ndimu ndogo. Viringisha katika nazi kavu. Utapata vidonge 20 au zaidi. Hakuna sukari ya kuongeza, kwani tende zina utamu wa kutosha.

3. Simsim ya asali

Viungo:
- Vikombe 2 vya simsim
- Nusu kikombe cha asali
- Chumvi kidogo

Namna ya kutayarisha:
Kaanga simsim bila mafuta kwa moto mdogo hadi ianze kunukia na kurukaruka, kisha iondoe. Chemsha asali katika sufuria ileile kwa dakika tatu hadi tano mpaka izidi kuwa nzito. Rudisha simsim, tia chumvi, uchanganye vizuri. Ikipoa kidogo, lowesha mikono kwa maji na uviringe vidonge. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo, iwe imepikwa au la.

Tahadhari kuhusu njugu

Kagua njugu moja moja kabla ya kuzitumia. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye kuvu au zinazonuka uvundo zitupwe, wala usiwape kuku. Kuvu hao hutoa sumu iitwayo aflatoksini ambayo husababisha saratani ya ini, na kuzikaanga hakuimalizi. Wasomaji wa Ukambani wanakumbuka mwaka wa 2004, ambapo mahindi yenye sumu hiyo, hasa Makueni na Kitui, yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao wakafariki dunia. Itakuwa ni kinyume kufundishana habari za saratani huku tukila njugu zenye kuvu. Vilevile, uliza kama kuna mtu ambaye mwili wake hukataa njugu, na usiwape watoto wadogo njugu nzima kwani zinaweza kuwakaba.

Tahadhari kuhusu sukari

Wengi wamesikia kwamba sukari hulisha saratani. Haijathibitishwa kwamba kula kipande cha kashata hukuza uvimbe. Lililo la kweli ni kwamba sukari nyingi huongeza unene, na unene baada ya mwanamke kukoma hedhi huongeza hatari ya saratani ya matiti. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mwaka wa 2015 kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Sasa piga hesabu: gramu 300 za sukari kwa vipande 30 ni gramu 10 kwa kila kipande. Vipande viwili ni gramu 20, na bado hujanywa chai. Kwa hivyo kashata moja, kidonge kimoja cha tende na chai isiyo na sukari vinatosha. Mwenye kisukari na azungumze na daktari wake kwanza.

SEHEMU YA PILI: KASHATA ZINAPOPOA

Kashata zikishatandazwa, mna kama dakika arobaini. Zima redio, keteni kwa duara, na mmoja wenu asome sehemu hii kwa sauti. Itakuwa vyema zaidi mkimwalika muuguzi wa zahanati iliyo karibu au mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu.

Ugonjwa wenyewe

Mwili umejengwa kwa chembechembe ndogo ambazo huzaliwa, hufanya kazi na hufa kwa utaratibu. Saratani huanza pale ambapo chembechembe fulani huacha kufuata utaratibu huo na kuzaana ovyo. Katika titi, mara nyingi huanzia kwenye mirija ya kupitisha maziwa. Zisipozuiwa, hupenya hadi kwenye tezi za kwapani na baadaye huweza kufika kwenye mifupa, mapafu, ini au ubongo.

Mwaka wa 2022, wanawake wapatao milioni 2.3 duniani walipatikana na ugonjwa huu, na takriban 670,000 walifariki. Nchini Kenya ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi kuliko nyingine zote. Makadirio ya mwaka wa 2020 yalikuwa ni wagonjwa wapya wapatao 6,800 na vifo zaidi ya 3,000.

Katika nchi tajiri, zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 huwa hai miaka mitano baada ya kugunduliwa. Nchini Afrika Kusini, kwa mujibu wa WHO, ni kama 40 kati ya 100. Sababu moja kubwa ya pengo hilo ni kwamba wagonjwa wengi wa Afrika hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na hata wakifika, vipimo na matibabu huchukua muda kupatikana.

Nani yumo hatarini?

Kuwa mwanamke na kuongezeka umri ndizo sababu kuu. Hata hivyo, hapa Afrika ugonjwa huu huwapata pia wanawake wengi walio chini ya umri wa miaka 50, kwa hivyo msichana asidhani ni ugonjwa wa nyanya yake. Aliye na mama, dada au binti aliyewahi kuugua yumo katika hatari zaidi. Pombe huongeza hatari, hata ile ya kiasi kidogo. Unene na kutofanya mazoezi pia huchangia. Kunyonyesha, kwa upande mwingine, ni kinga: utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2002 kutoka nchi 30 ulionyesha kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari kwa asilimia 4.3.

Lakini wengi wanaougua hawana jamaa aliyewahi kuugua, na wamo walionyonyesha watoto wengi. Wanaume pia huugua, ingawa hawafiki hata mmoja kati ya kila wagonjwa 100 au wanakaribia idadi hiyo tu. Kwa hivyo mgonjwa asiulizwe alifanya kosa gani.

Mfano wa kujadili

Hebu tuchukue mfano wa kufundishia. Mama mmoja wa umri wa miaka 43 ana watoto wanne na kibanda cha mboga. Siku moja ya Januari akioga, anagusa kitu kwenye titi la kushoto, kama punje ya kunde. Hakiumi. Anamweleza jirani yake, naye anamjibu: "Ah, Mama Watoto, kisichouma cha nini kukihangaikia? Karo ndiyo inayouma."

Anasubiri. Mwezi wa Aprili kile kitu kimekuwa kama kokwa ya tende. Sasa ana wasiwasi, lakini anaogopa kwamba hospitalini watamkata titi na mumewe atamkimbia. Anapewa dawa ya kienyeji ya kupaka, na ngozi inaanza kuvutika. Anavaa leso kifuani hata wakati wa joto. Katika chama anakuja kila mwezi, anatoa mchango wake, anacheka na wenzake, anarudi nyumbani.

Anapofika zahanati ni mwezi wa Septemba. Muuguzi anamuuliza: "Mama, hiki ulikiona lini?"

Anajibu kwa sauti ya chini: "Sista, nilikiona watoto wakifungua muhula wa kwanza."

Simamisheni usomaji hapa. Kila mmoja aseme: ni wapi katika safari hii ya miezi minane ambapo chama kingeweza kumsaidia? Ni nini kilichomzuia kusema? Je, kama angesema katika chama chetu, tungemjibu nini? Msiharakishe kujibu. Swali hili ndilo kiini cha somo zima.

Dalili za kuzingatia

- Uvimbe au ugumu kwenye titi au kwapani, hata kama hauumi. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na hilo ndilo linalowadanganya wengi.
- Titi moja kubadilika ukubwa au umbo bila sababu. Kumbuka kwamba kwa kawaida matiti mawili hayalingani sawasawa. La kuangaliwa ni mabadiliko mapya.
- Ngozi kubonyea, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa.
- Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani, au kutoa majimaji, hasa damu, bila kukamuliwa.
- Kidonda au ukurutu kwenye chuchu usiopona.
- Titi kuwa jekundu au jeusi kupita kawaida, kuvimba na kuwa na joto. Kwa mama anayenyonyesha huenda ikawa ni uambukizo tu, lakini dawa zisipomponya aangaliwe zaidi.

Uvimbe mwingi unaopatikana kwenye matiti si saratani. Wengine huwa na vifuko vya maji, wengine vinundu visivyo na madhara, hasa wasichana. Lakini hakuna jirani, mganga wala wewe mwenyewe anayeweza kutofautisha kwa kugusa. Vipimo ndivyo vinavyotofautisha.

Yajue matiti yako

Siku chache baada ya hedhi kwisha ndio wakati mzuri wa kujiangalia, kwani matiti huwa laini. Aliyekoma hedhi achague tarehe moja ya kila mwezi. Simama mbele ya kioo mikono ikiwa chini, kisha kiunoni, kisha juu ya kichwa, ukiangalia umbo, ngozi na chuchu. Halafu lala chali, weka mkono mmoja chini ya kichwa, na kwa nyama ya ncha za vidole vitatu vya mkono wa pili upapase titi lote kwa mviringo, kuanzia mfupa wa bega hadi chini ya titi, na kutoka katikati ya kifua hadi ndani ya kwapa. Fanya hivyo pande zote mbili.

Ni lazima tuwe wakweli hapa. Mwaka wa 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shanghai, China, uliowahusisha wanawake zaidi ya 260,000 wa viwanda vya nguo. Waliofundishwa kujipapasa kila mwezi hawakupungukiwa na vifo kuliko wenzao, na walikatwa nyama ya kupimwa zaidi ya wenzao kwa uvimbe ambao haukuwa saratani. Maana yake ni kwamba kujipapasa peke yake si kinga, wala usidhani uko salama kwa kuwa hukugusa kitu. Faida yake ni kwamba unaijua hali yako ya kawaida, ili jambo jipya likitokea usingoje. Ukiliona, nenda. Na hata usipoliona, muuguzi au daktari akuangalie mara kwa mara. Kuanzia umri wa miaka 40, uliza kuhusu mammografia, ambayo ni picha ya eksirei ya matiti inayoweza kuonyesha uvimbe kabla haujagusika kwa mkono. Aliye na historia ya ugonjwa huu katika jamaa amwambie daktari mapema, kwani huenda akahitaji kuanza kabla ya umri huo.

Hospitalini wanafanya nini?

Hofu nyingi hutokana na kutojua. Kwanza utaulizwa maswali na kupapaswa na mhudumu. Una haki ya kuomba awe mwanamke. Pili, utapigwa picha: ultrasaundi, mammografia, au zote mbili. Tatu, ikihitajika, utafanyiwa biopsi, yaani kipande kidogo cha nyama kitatolewa kwa sindano na kupimwa katika maabara. Biopsi ndiyo inayotoa jibu la mwisho.

Ikiwa ni saratani, matibabu ni upasuaji, dawa za kuua chembechembe za saratani, mionzi, au vidonge vya kuzuia homoni kama vile tamoksifeni, ambavyo humezwa kwa miaka mitano au zaidi. Si kila mgonjwa hukatwa titi. Uvimbe ukigunduliwa ukiwa mdogo, mara nyingi unaweza kutolewa wenyewe na titi likabaki, kisha mionzi ikafuata.

Uvumi wa kuutupa

"Biopsi hutawanya saratani." Si kweli, kuikwepa ndiko kunakoipa saratani nafasi ya kutawanyika.
"Ni kurogwa." Ni ugonjwa wa chembechembe za mwili, na huwapata matajiri na maskini.
"Sidiria, au pesa zinazowekwa ndani ya sidiria, huleta saratani." Hakuna ushahidi.
"Saratani huambukiza." Haiambukizi. Unaweza kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye na kumkumbatia.
"Ukipatikana nayo umekwisha." Wako wanawake wengi nchini waliotibiwa na sasa wanalea wajukuu. Kama yuko mmoja mtaani kwenu, na akiwa radhi, mwalikeni aseme mwenyewe.

SEHEMU YA TATU: KABLA YA KUTAWANYIKA

Sasa kashata zimepoa. Gaweni, mle, mnywe chai. Lakini mkutano usifungwe kabla ya kukubaliana mambo manne, na katibu ayaandike.

Kwanza, tarehe. Chagueni siku moja ndani ya mwezi ambapo wanachama wote watakwenda zahanati au hospitali ya kaunti kuangaliwa matiti kwa pamoja. Anayekwenda peke yake huahirisha. Wakiwa kumi na tano hutaniana njiani na kufika. Ulizeni siku hiyohiyo pia kuhusu uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi.

Pili, bima. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF. Kila mwanachama ahakikishe amejisajili na michango yake imelipwa akiwa mzima, wala asingoje ugonjwa. Ulizeni hospitali mapema ni gharama zipi zinazolipwa na zipi mtakazojilipia.

Tatu, nauli. Matibabu ya saratani hayatolewi kila mahali. Nairobi kuna Hospitali Kuu ya Kenyatta, Eldoret kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, na kuna vituo vya saratani katika hospitali za rufaa za Mombasa, Nakuru na Garissa. Kwa anayetoka mbali, nauli ya kurudi tena na tena, kitanda cha kulala na chakula ndivyo humfanya akatishe matibabu. Hapa kashata zinaweza kuwa na kazi ya pili. Chama kikitengeneza masinia machache kila mwisho wa mwezi na kuyauza, faida ikawekwa katika mfuko wa nauli tu, mwenzenu hatakosa tarehe yake. Toeni kwanza gharama ya nazi, sukari na makaa ndipo mhesabu faida, na muweke daftari linaloweza kusomwa na kila mwanachama. Watakaopika kwa ajili ya kuuza wawe na cheti cha afya, na msiandike kwenye pakiti kwamba kashata zinazuia au kutibu saratani.

Nne, msindikizaji. Chagueni watu wawili wanaoweza kutunza siri. Yeyote atakayeona mabadiliko atawaeleza hao, nao watampeleka hospitali ndani ya juma moja. Tangu siku hiyo wahesabu. WHO ilipendekeza mwaka wa 2023 kwamba vipimo vyote vikamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni mara ya kwanza. Siku zikikaribia kwisha bila jibu, msindikizaji arudi naye na kuuliza kwa upole lakini bila kuchoka: "Daktari, majibu ya mama yetu yamefika wapi?"

Kumtembelea mgonjwa

Ikiwa miongoni mwenu yuko anayetibiwa, msimpelekee sinia kubwa na kumlazimisha ale. Dawa za saratani huweza kuleta kichefuchefu, kubadilisha ladha ya chakula na kutia vidonda mdomoni. Kidonge kimoja laini cha tende, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, kinaweza kumfaa kuliko mlo mmoja mkubwa. Akiwa na vidonda mdomoni, kashata na simsim zitamkwaruza. Ndizi iliyopondwa na siagi ya njugu iliyochanganywa na mtindi ni bora. Kwa kuwa dawa hizo hupunguza nguvu za mwili za kupambana na viini, chakula chake kitayarishwe kwa usafi wa hali ya juu, kiwe kipya, na aulize daktari kabla ya kutumia mitishamba yoyote. Fueni nguo zake, chukueni watoto wake shuleni, na msimwambie habari za waliofariki.

Maswali ya mazoezi

1. Kwa nini uvimbe usiouma usipuuzwe?
2. Taja dalili tatu ambazo si uvimbe.
3. Ni kipimo gani hutoa jibu la mwisho kama uvimbe ni saratani?
4. Utamjibu nini mwenzako akisema, "Nitakwenda baada ya kulipa karo"?
5. Chama chenu kimechagua tarehe gani?

Swali la tano ndilo gumu, kwa sababu jibu lake haliko katika makala haya. Liko katika daftari la katibu wenu. Kama ukurasa wake bado mtupu, basi mmekula kashata tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga, na ufa huu huweza kuanza ukiwa mdogo kama punje ya kunde.